Kiti cha Papa Rugusha

Mama Mapendo, rafiki yangu wa moyo,

Jambo sana. Huko uliko sijui kama wanaulizaka habari, lakini nitakupa zetu zote, moja moja, maana wewe ungeziuliza. Papa Bahati anakusalimia. Mugongo ungali unamusumbua, lakini anaamuka na kuendesha camion yake kama kawaida. Bahati anakusalimia, ameingia secondaire, sasa anatukosoa Kifaransa hata mbele hatujafungua kinywa. Zawadi anakusalimia, anapika vizuri kunipita, na anajua. Murhula mudogo anakusalimia, meno yake ya mbele yameanguka, anauliza kama huko mutu anapewaka mengine. Binti yako Mapendo alipita hapa na bwana yake kutoka Kavumu. Wako wazima, mutoto ananyonya vizuri, paji la uso ni lako kabisa, nilimubeba mpaka wakaninyanganya. Hata kuku yako nyeusi ingali inataga chini ya kitanda changu, imekataa nafasi ingine yote.

Ni mimi tu sina amani. Nimekasirika, Mama Mapendo, na mwenye nimekasirikia ni wewe.

Iko namna gani mutu anaondoka bila kusema neno la muhimu? Ulikuwa ungali na nguvu ya kuniagiza juu ya pagne zako, juu ya kuku, juu ya nani asithubutu kulia kwa matanga yako. Juu ya chakula cha Noël cha wazee, hakuna kitu. Ulisema tu, "Utafanya kama tulivyofanyaka." Mimi nikaitika. Nilifikiri najua.

Unakumbuka, serikali ilipoondoa Noël kwa siku za kupumzika, ni wewe ulisema watu watatoka misa na kukimbilia kazini, na wazee watabaki wanaangalia ukuta. Ukafungua kiwanja chako. Mimi nilikuwa nawasha moto, nasonga bugali, wewe ndiye ulizungukaka mutaa wetu wa Kadutu asubuhi. Na kila mwaka nilikuona unapita mulango kwa mulango unaomba vitu. Kwa Papa Rugusha, yule mwashi wa zamani, kiti. Kwa bibi yetu Koko Nabintu, mwiko. Kwa wengine kisu, sufuria, chumvi kidogo. Nilikuwa naona haya, sasa nakuambia. Nilisema moyoni, huyu mwanamuke anaita watu kula na hana hata pa kuwakalisha.

Basi mwaka huu nikasema tutafanya vizuri, Mama Mapendo apate heshima. Nikamusumbua Papa Bahati mpaka akatengenezesha mabenchi kwa seremala. Nikanunua miko mipya sokoni. Na kusudi mutu asisahaulike, nikaomba katekista atangaze kanisani. Akatangaza na ile sauti yake, hata wenye walikuwa inje walisikia: wazee wote wenye hawana mutu wa kula naye Noël, waende kwa Mama Bahati.

Hakuna mutu alikuja.

Ndagala zikapoa. Bugali ikashika ngozi juu. Mvua ikanyeshea mabenchi mapya, na mimi nimesimama mulangoni naangalia njia, nafikiri labda wameanguka kwa matope, labda kuna ugonjwa wenye sikusikia, labda wamekufa wote. Unanijua. Murhula akaniuliza kama tunaweza kuanza kula. Nikamufokea, kisha nikamupa.

Nikajifunika pagne kichwani, nikapanda kwa Koko Nabintu. Namukuta jikoni anachoma kiazi. Kimoja, rafiki yangu, siku ya Noël. Namuambia chakula kimejaa, twende. Anasema goti linamuuma. Lile goti asubuhi lilipanda mpaka kanisani bila shida! Nikakaa chini, nikakataa kuondoka. Kiazi kikaungua pale motoni. Mwisho akaniangalia pembeni.

"Mwaka huu hamuna haja na mwiko wangu?"

Mama Mapendo, nilitaka dunia inimeze. Miaka ile yote haukualika mutu kula. Uliomba musaada. Kila mumoja alikuja na kitu chake mukononi, na mwenye analeta kitu anangojea mpaka wamalize kukitumikisha, na mwenye anangojea anakula. Hakuna mwenye alikuwa mugeni wa huruma. Na mimi nimewatangaza kanisani, mbele ya majirani wote, kama watu wenye wametupwa. Kwa nini haukuniambia? Neno moja tu. Ulifikiri niko na macho kama yako?

Nikamuomba Koko ule mwiko. Goti likapona palepale. Alishuka mbele yangu, na kufika nyumbani akasema bugali yangu haikuiva, akaisonga upya. Nilimuacha. Ningemuacha hata aimwange.

Lakini Papa Rugusha. Nilimukuta mulangoni kwake, amekaa juu ya kiti chake kile, amevaa koti lake la abakosti, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, viatu vinangaa. Alikuwa amejitayarisha, unaelewa? Pengine tangu asubuhi alikuwa anakungojea wewe. Nikasema, papa, tafazali, utuazime kiti, hatuna pa kukaa. Hakukasirika hata. Ingekuwa afazali angekasirika.

"Nimeona mabenchi yako yakipita hapa, maman. Ni mazuri. Na mimi niko na watoto wanne, uambie katekista."

Akaingia na kiti chake, akafunga. Nilimuachia sahani mulangoni. Kesho yake nikaikuta kwangu, chakula kingali ndani, kitambaa kimekunjwa vizuri juu. Na anakohoa, ninamusikia nikipita, kikohozi cha mutu mwenye hana wa kumuchemushia maji. Usiku silali.

Basi jana nimetoa mabenchi yote kwa kanisa. Nililazimisha Papa Bahati na wenzake wapite njia ya kwa Papa Rugusha, ijapokuwa ni ya kuzunguka, na kufika mbele ya mulango wake niliwaambia wayateremushe chini wapumuzike kidogo. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba kwetu hakuna tena hata pa kuweka makalio. Papa Bahati alifikiri nimerukwa na akili. Sasa anakula wima, na hanisemeshi.

Bonané iko karibu, mwaka mupya unaingia, nitapika tena. Nakuahidi sitatangaza, na sitanunua kiti hata kimoja mpaka nikufuate. Nitaomba, mulango kwa mulango, kama wewe. Lakini kwake yeye nimekwisha kuomba, na amekataa. Wewe ulimuambiaka nini? Ulisimama wapi? Ulianza na salamu ao ulianza na kiti?

Lala vizuri, rafiki yangu, hata kama nimekukasirikia. Unijibu mbiyo, mbele ya Bonané. Kama huko hakuna karatasi, usisumbuke kuandika. Nitaamuka mapema nisimame mulangoni, na nikimuona Papa Rugusha anateremuka na kiti chake kichwani, nitajua barua yangu ilifika.

Ni mimi wako,
Mama Bahati