Doa la Lami

Nadhira, mjomba Mwarandu amenigeuka! Mjomba wangu mwenyewe!

Kuezeka nyumba yangu, nilimkataa fundi Barakat wa Bofu aliyeniambia kweli, kwamba makuti yake ni ya miaka mitatu tu. Nikamchagua mjomba kwa kuwa aliahidi mabati mapya.

Leo nimeingia ndani na mtoto mgongoni, nikatazama juu. Matundu ya misumari ya zamani! Halafu nikaliona lile doa la lami. Doa letu, Nadhira, la juu ya dawati letu darasa la jioni! Ni mabati yaliyong'olewa kwenye paa la darasa lile.

"Mjomba, si ulisema mapya?"

"Mapya kwako, mwanangu. Uliwahi kuwa na bati wewe?"

Akacheka. Mbele ya vibarua wake, akacheka!

Unakumbuka tulivyosogeza dawati kila ikinyesha? Sasa nitasogeza kitanda cha mtoto.