Modika au Bulla Dahab: Leo Tumechagua Nyumba

Jumapili, jua linaelekea kushuka. Upepo umevuma hapa Garissa tangu alfajiri, ule mkavu wa kati ya mwaka, na vumbi limeingia kila mahali, hadi ndani ya kopo la sukari. Nimefagia mara tatu na bado nahisi mchanga chini ya nyayo. Sijali. Leo hata vumbi nalipenda.

Nina miezi miwili na siku chache tangu niolewe. Bado nikitamka "mume wangu" mbele ya watu nasikia mashavu yanapata moto. Nyinyi wenzangu wa bweni mnaosoma hapa mnanijua nilivyo, naomba msinicheke. Mume wangu anaitwa Abdinoor, mimi humwita Noor, na ni fundi wa pampu za maji za sola. Ni mtu wa maneno machache. Akirudi kazini hubisha mlango ilhali ufunguo anao mfukoni. Nilimuuliza sababu, akasema anapenda kusikia nikija kumfungulia.

Sasa mtu wa namna hiyo utamkatalia kitu gani?

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Tunaishi kwenye chumba cha kupanga, na tangu wiki ya kwanza ya ndoa tumekuwa tukitafuta nyumba ya kununua. Baba yake aliuza ngamia ili atusaidie, na sisi tulikuwa na akiba yetu. Haikuwa nyingi. Mitaa ya karibu na mto bei yake ni rahisi, lakini kila mtu wa hapa anajua maji ya Tana yakipanda huingia hadi kitandani. Katikati ya mji hatuwezi kabisa. Kwa hiyo Noor akaanza kutoka peke yake kila Ijumaa kutafuta, na kila akirudi ananieleza nimsikilize.

Noor alizaliwa upande wa Hulugho, katika familia ya wafugaji. Kwao, kabla ya kuhama, mwanaume hutangulia kwenda kukagua nchi, kisha anarudi na kutoa ripoti: majani yakoje, maji yako umbali gani, upepo unatoka wapi. Ukaguzi huo wanauita sahan, na mume wangu amejifunza tangu utotoni. Basi akatafuta nyumba vivyo hivyo. Aliporudi kutoka Modika, nje ya mji kwenye barabara ya kaskazini, macho yake yalikuwa yanang'aa. Ploti kubwa, akasema. Miti mitatu ya miiba, ya kivuli. Udongo haushiki maji. Upepo safi. Kuna nyumba ya chumba kimoja imeanzwa, tutaimaliza polepole. Mbuzi watakaa bila kumsumbua jirani.

Nikamuuliza ni mbali kiasi gani na barabara. Akainua kidevu. "Hapo tu."

Wiki tatu zilizopita akanipeleka nikaione. Kuanzia lami hadi kwenye ploti tulitembea hadi viatu vyangu vikajaa mchanga mara mbili nikavikung'uta. Sikuona duka. Sikuona mtu. Nilimwona Noor tu, amesimama chini ya mti, anaonyesha kwa mikono mahali jiko langu litakapokuwa, na mahali pa kukaa sisi wawili jioni tukinywa chai ya maziwa. Akaniuliza, "Umependa?"

Nikasema nimependa.

Ningesema nini? Alikuwa mzuri sana pale chini ya mti. Kama angeniuliza kama nimependa shimo, ningesema nimelipenda.

Lakini mimi nafanya kazi kwenye duka la dawa nyuma ya soko, na nimezoea kwenda kwa miguu. Njiani nampitia mama yangu namsalimia, nanunua maziwa ya ngamia kwa wale akina mama wa pale kona, nafika kazini kabla ya jua kukaza. Kutoka Modika ningetegemea bodaboda kwenda na kurudi, na mshahara wangu ungeishia kwenye nauli. Ningeacha kazi. Nilijua hivyo siku ileile, nikanyamaza. Na kuna jambo jingine nililificha. Katika njia hiyo yangu ya kila siku, ndani ya Bulla Dahab, kuna geti la bluu limeandikwa kwa rangi nyeupe "Nyumba inauzwa". Nilishaingia. Nilishauliza bei. Ni ileile ya Modika. Nilirudi nyumbani nikapika, nisiseme neno.

Wakati huo Noor alikuwa ameshakwenda kwa dalali. Dalali wetu ni yule wa soko la mifugo ambaye siku hizi anauza na ardhi, na anaisifia ardhi kama anavyosifia ngamia jike. Walipatana bei kwa vidole chini ya shuka, kama wanavyopatana sokoni ili wengine wasijue. Ilibaki kupeana mkono mbele ya mashahidi. Siku iliyopangwa ni leo, baada ya swala ya Alasiri. Mkono ukishatolewa, imekwisha.

Alhamisi akaja hooyo, yaani mama. Ndivyo ninavyomwita mama mkwe. Alishuka na galoni ya samli, kopo la nyirinyiri, ile nyama ya kukaangwa isiyoharibika, na mdomo usiopumzika. Nilimpenda hapohapo, ila nilimwogopa pia. Mwanamke huyu alipokuwa msichana alitembea nyuma ya ngamia siku nzima. Nilisema moyoni, huyu akiniona nalalamika kwa ajili ya mchanga kidogo, ataniita mtoto wa kiyoyozi.

Leo asubuhi akasema anataka kuiona hiyo ploti kabla mwanawe hajatoa mkono. Tukapanda tuktuk watatu. Dereva akatushusha kwenye lami, akakataa kuingia mchangani. Tukatembea. Hooyo alitangulia, mimi nyuma, upepo unavuta abaya yangu kama unataka kunirudisha mjini.

Noor akamwonyesha kila kitu. Miti, udongo, upepo. Hooyo akazunguka, akagusa ukuta wa kile chumba kilichoanzwa, akasema udongo ni mzuri na miti ni mizuri. Nikaona yangu yamekwisha. Kisha akauliza, "Chumvi ikiisha?"

"Kuna duka, hooyo."

"Wapi?"

Noor akainua kidevu. "Hapo tu."

"Haya, twende tukanunue chumvi."

Noor alidhani ni utani. Hooyo alikuwa ameshaanza kutembea. Tukatembea, tukatembea. Sikuwa na saa mkononi, lakini nilisoma sura yote ya Yasin kimoyomoyo tukawa bado hatujafika. Tulipofika, duka lilikuwa limefungwa. Kulikuwa na mbuzi mmoja amelala mlangoni.

Hooyo akakaa kwenye gogo, akavua viatu, akavipiga pamoja kutoa mchanga. Noor alisimama ameshika kiuno.

"Mahali hapa amepachagua nani?" hooyo akauliza.

"Mimi, hooyo. Nilifanya sahan vizuri. Niliangalia maji, nikaangalia—"

"Uliwachagulia mbuzi, na wao watashukuru sana. Nyumba je?"

"Hooyo, wewe mwenyewe ulikuwa ukitembea siku nzima."

"Nilikuwa nafuata ngamia, na ngamia alikuwa anafuata majani. Huyu msichana huku atafuata nini? Upepo?" Akavaa kiatu kimoja. "Abdinoor, baba yako alikuwa anakwenda kutafuta malisho. Akirudi anasema ni upande ule, basi. Tukifika, mahali nyumba inaposimama nachagua mimi, mlango unatazama wapi nachagua mimi, kwa sababu nyumba nimeijenga mimi na mikeka nimesuka mimi. Siku moja aliniambia niisimamishe karibu na ngamia wake. Nikamwambia akalale nao."

Nilicheka. Sikupaswa kucheka, kwa sababu hapohapo akanigeukia.

"Na wewe? Alipokuuliza ulimwambiaje?"

"Nilimwambia nimependa, hooyo."

"Ulipenda ploti, au ulimpenda huyu?"

Niliangalia mchanga. Nilisikia Noor amegeuka ananitazama, na nikajua nikidanganya sasa nitaishi pale miaka yangu yote. Nikasema, "Nilimpenda huyu."

Hooyo akavaa kiatu cha pili.

Nilidhani Noor atacheka na yeye, lakini hakucheka. Tulirudi hadi lami, na ndani ya tuktuk akatazama nje. Nimemwona akiwa amechoka, nimemwona akiwa na njaa, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kumwona ameumia, na aliyemuumiza ni mimi. Tulipokaribia mji akaniuliza taratibu, "Wiki tatu, Ifrah. Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia kwa sababu alikuwa na furaha. Akasema, "Nilikuwa na furaha kwa sababu nilidhani na wewe unayo."

Hiyo sentensi naiandika hapa ili nisiisahau.

Basi nikamwambia yote. Geti la bluu, bei, na kwamba nilishaingia bila yeye. Akamwambia dereva atushushe sokoni.

Kutoka sokoni tulitembea wote watatu hadi Bulla Dahab, na njia nzima nilikuwa na woga wa mtu anayepeleka wageni kwao. Hapa ndipo ninaponunua maziwa. Hii ni kliniki ya akina mama. Ule msikiti una upande mzuri wa wanawake. Kile ni chuo cha Kurani cha watoto, kila asubuhi nasikia wanasoma. Akina mama wa maziwa walinisalimia kwa jina, na hooyo akasimama akaanza kuwauliza ngamia wao ni wa upande gani, tukamngoja hadi tukachoka.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu anayehamia Rhamu kwa watoto wake, wanaolima kando ya mto Daua. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na paa la mabati. Uwanja wake ni mdogo mno. Ukinyoosha kamba ya nguo, umeumaliza. Ukuta mmoja tunachangia na jirani, na jirani ana redio. Niliona Noor akipima uwanja kwa macho, nikajua anatafuta mahali pa mbuzi. Nikaona hana pa kuwaweka.

Sikutaka kudanganya mara ya pili. Nikasema mbele yao wote kwamba nyumba ni ndogo, redio ipo, kivuli hakuna, na hata hivyo ndipo ninapotaka kuishi. Kwamba hapa nitaamka, nitatembea, na kila kitu ninachokihitaji kitakuwa njiani. Kwamba siku nikiwa na mimba kubwa, Inshallah, nitafika kliniki kwa miguu yangu. Hooyo alijifanya anakagua bawaba za mlango.

Noor akatoka nje. Hakusema anakwenda wapi. Tulikaa na mwalimu, tukanywa chai, na mimi nikawa nakunywa na kuomba. Aliporudi alikuwa na jasho usoni. Alikuwa ametembea hadi duka la dawa, kutoka huko hadi kwa mama yangu, na kutoka kwa mama kurudi hapa. Akasema, "Chai yenu bado ni moto."

Alipokwenda kwa dalali baada ya Alasiri, tulifuatana naye. Mimi na hooyo tulisimama pembeni kwenye kibanda cha vitambaa, kana kwamba tunanunua, lakini tulisikia kila kitu. Wanaume walikuwa wengi pale, na mashahidi walishakaa. Dalali akanyoosha mkono. Noor hakuupokea. Aliuliza kwanza kama mwenye ploti amepata hasara yoyote kwa kumngojea, akaambiwa hapana, wanunuzi wapo. Ndipo akasema hachukui.

"Wewe, kijana," dalali akasema, "juzi vidole vyako vilisema vingine."

"Vilisema bei. Mkono sijatoa."

"Mtoto wa Hulugho ameogopa mchanga?"

Watu wakacheka. Mume wangu angeweza kusema bei ni kubwa. Angeweza kusema hati zina shida, au baba amekataa, na hakuna ambaye angemuuliza zaidi. Alisimama palepale katikati yao akasema, "Mke wangu hajapenda."

Kicheko kilikatika, kisha mzee mmoja kati ya mashahidi akasema sababu hiyo inatosha, yeye alipuuza ya mke wake miaka mingi na bado anaisikia kila jioni. Wakacheka tena, lakini safari hii si kwa Noor. Dalali akaanza palepale kuisifia ploti kwa mtu mwingine.

Nilishika shela ya hooyo nikalia kidogo. Akasema nisiilowanishe, ni mpya.

Kwa hiyo ni Bulla Dahab. Wiki hii Noor na mwalimu watakwenda kukagua hati kwenye ofisi ya ardhi, na zikiwa sawa, mkono utatolewa. Noor ameniomba mbuzi mmoja. Nimemwambia tutapima uwanja kwanza, na nimesema kwa sauti nzuri, lakini nimesema.

Sasa hivi yuko nje anamsaidia hooyo kufunga mizigo yake, wanabishana kuhusu kamba. Nikiwa mkweli, naogopa kidogo. Ningenyamaza, lawama ingekuwa yake. Sasa nimesema, na redio ya jirani ikinikosesha usingizi sina wa kumlaumu. Huenda ndiyo maana wengi wetu hunyamaza na kuita hilo mapenzi.

Mimi nimeacha, au najaribu kuacha. Kesho nitakwenda kazini kwa njia ileile, na nikifika kwenye geti la bluu sitaharakisha tena kama mwizi. Nitasimama, nitabisha, na nitamsalimia mwalimu.