Mkalimani wa Mzambarauni

Kibokoni, Mombasa
Mwezi 12 Shaaban, mwaka 1331

Kwa mzazi wangu mtukufu, baba yangu Hamid bin Taha, Mola akuhifadhi huko Unguja na akuzidishie umri wenye afya.

Baada ya kuishika miguu yako na kuibusu mikono yako, nakuarifu kuwa sisi huku tu wazima wa miili. Wajukuu zako wanakuamkia, na yule mdogo amehitimu juzuu ya kwanza, ijapokuwa mwalimu wake anasema hukimbilia mwisho wa aya kama mtu anayefukuzwa. Je, kifua chako? Intisar aliniandikia kwamba baridi ya kusi imekusumbua na kwamba habbasoda huitaki kwa kuwa ni chungu. Nakuomba umtii binti yako, kwani anayo haki ya kutiiwa kuliko mimi.

Barua yako niliipata mwisho wa Jumada. Uliniuliza mambo mawili: kaburi la mama likoje, na kama Kaingu bado ana uso wa kujionyesha pale Mzambarauni. Nimekawia kukujibu, na sitasema ni shughuli. Niliogopa. Tafadhali barua hii uisome peke yako, usimpe Intisar akusomee, na ukifika mahali pa kukasirika usiiweke chini. Isome mpaka mwisho, kisha ufanye utakalo.

Kwanza nikutoe katika uwongo mdogo kabla ya ule mkubwa. Nilikwambia kwamba Bwana Tolman, yule Mzungu aliyekodishiwa shamba letu na serikali, ameniajiri nimwandikie barua. Siandiki barua yoyote. Miti ya mpira aliyoipanda ilikauka mwaka wa kwanza, basi akanunua stima ndogo, na kila Jumapili huwapeleka Wazungu wenzake matembezini, wale wa reli na wake zao, na abiria wanaongoja meli. Hutoka bandarini saa tatu asubuhi, wageni wamekaa kwenye viti vya henzirani chini ya chandarua cheupe. Stima hupita Kengeleni, huingia ndani ya mkono wa bahari, na pale maji yanapopanuka na mikoko ikafunga pande zote, wao hupaita ziwa. Nilijaribu siku moja kusema kwamba si ziwa, ni bahari ile ile, hujaa na kupwa. Bwana Tolman akaniambia kwamba wageni wanapenda ziwa, basi na iwe ziwa.

Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya stima na kusimulia. Kisha tukifika Mzambarauni nilitangulia njia ile uliyoipanda minazi mwenyewe, nikawaonyesha nyumba aliyoijenga babu, na wakaketi kula barazani pako. Hula samaki wa kupaka na wali wa nazi, ili wapate kusema wamekula chakula cha Waarabu, na baada yake huletwa nyama ya nguruwe ya mkebe. Nyama hiyo hupakuliwa katika ile sinia ya shaba ya mama, yenye Bismillahi pembeni, tuliyoisahau siku ya kuhama. Chumba chako cha kusalia ndimo yanamokaa masanduku ya chupa, kwa kuwa kina baridi. Nayaandika haya kwa sababu uliniuliza habari za shamba, na mimi kwa miaka miwili nimekuwa nikikujibu kwamba miembe imezaa vizuri.

Kaburi la mama halijavunjwa. Ua wa mawe umesimama, na nyasi hukatwa. Lakini Bwana Tolman aliona kwamba kaburi la mke wa mwenye shamba halina utamu kwa wageni, akaniagiza niwaambie ni la binti wa sultani wa zamani aliyefungiwa huko kwa ajili ya mapenzi. Nimeyasema hayo Jumapili nyingi, baba, nikiwa nimesimama kichwani pake. Bibi mmoja wa Kizungu alilia, akaweka ua juu ya jiwe. Nami nikamkumbuka mama alivyokufa kwa homa ya siku tano, mkono wake umo mkononi mwako, na neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama mbuzi wamefungwa.

Sasa nije kwa Kaingu.

Nilimkuta pale pale, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Kipande chake cha ardhi kilikwenda pamoja na shamba zima, akabaki mlinzi na mwangua madafu ya wageni, na mguu wake ule mbovu umezidi ubovu. Binti yake Kache ndiye aliyekuwa akimpikia. Kila Jumapili alinisalimu kwa jina lako, akisema, "Bwana hajambo huko?" Nami nilipita bila kuitika, nikajifanya naitetea heshima yako.

Jumapili moja ya Rajabu alikuja mgeni mkubwa, mzee mwenye masharubu, akataka kumsikia mtu aliyekuwa mtumwa akieleza mambo ya zamani. Bwana Tolman akaagiza Kaingu aitwe. Akaja amevaa shuka safi, akasimama mwisho wa meza. Mgeni akauliza bwana aliyemtumikia alikuwa mtu wa namna gani, nami nikalitia swali katika Kiswahili. Kaingu hakumtazama mgeni. Alinitazama mimi.

"Gharib," akasema, "waambie bwana wangu aliniacha huru kabla serikali haijasema neno. Akanipa ardhi kutoka kisimani hadi mikokoni, akaniambia, Kaingu, hii ni yako na wanao, mimi na wewe tutazeeka hapa pamoja. Waambie siku ya kesi sikudai hata mnazi mmoja zaidi ya hiyo. Kisha waambie na wewe ulisema nini."

Uma zilikuwa zimesimama mikononi, watu wote wananingoja. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mzee anasema bwana wake alikuwa mkali lakini mwadilifu, na kwamba leo amefurahi kuona wageni wazuri hivi. Wakapiga makofi. Yule mzee wa masharubu akampa sigara. Kaingu akaipokea, akaitazama, akaiweka mezani polepole, akaondoka akichechemea.

Nilimfuata hadi kisimani. Nilitaka kumkemea, nikauliza kwa nini anataka kunivunjia heshima mbele za watu. Akajibu bila kupandisha sauti kwamba Nicodemus, yule mkalimani wa mahakamani aliyesomea misheni, alimweleza tangu wiki ile ya kesi maneno yaliyoandikwa kitabuni kuwa ni yako. Akasema, "Nimeishi na baba yako miaka thelathini na tatu. Maneno yale hayakuwa yake."

Baba, hayakuwa yako.

Unakumbuka kwamba siku ya kwanza ya kesi ya kuandikisha shamba Nicodemus alishikwa na homa. Yule Mzungu aliyesikiliza kesi alitaka kuahirisha, nawe ukakataa. Ukasimama ukasema, "Mwanangu huyu ndiye ulimi wangu, sihitaji mwingine." Watu msikitini walikuwa wamekusema kwa kuniacha nijifunze Kiingereza, na siku ile ulinitazama kama mtu aliyeshinda. Kisha ukasema, kila herufi ninayo mpaka leo, kwamba shamba la Mzambarauni ni lako kwa urithi, ila upande wa kisimani hadi mikokoni, huo ulimpa Kaingu na hutamnyang'anya. Mimi nikageuka, nikasema kwa Kiingereza kwamba shamba lote ni lako hadi mikokoni, wala hakuna mwingine mwenye haki ndani yake.

Hapana mtu aliyenituma. Bwana Tolman sikumjua wakati ule. Naandika hili usije ukanitafutia shetani wa kumbebesha. Nililiona shamba kuwa langu baada yako, na kila uliposema "ila upande wa kisimani" niliona kama umenikata nyama. Nilijiuliza nitawaeleza nini wenzangu, kwamba nimepakana na aliyekuwa mtumwa wetu. Nikasema moyoni kwamba nani atajua. Ilikuwa pumzi moja tu, baba. Neno lilinitoka, nawe ukanishika bega ukaniambia umesema vizuri.

Siku ya pili Nicodemus alikuwa amepona, na Kaingu akaitwa, wewe umeambiwa ungoje nje, mimi nikiwa ndani. Sikujua kwamba ataitwa. Akasema yale yale uliyoyasema wewe, kwa uaminifu, na Nicodemus akayafasiri kwa uaminifu. Mzungu akaona wewe umesema hakuna mwingine, na huyu anasema yupo, na hati ya babu imeliwa na mchwa nusu. Akahukumu kwamba mdai ameficha kweli, basi hakuna lake linaloweza kuaminiwa, na shamba lote likaandikwa la serikali. Uliponiuliza mlangoni kumetokea nini, ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi ya hatua sita, kutoka mlangoni hadi alipokuwa amesimama Kaingu. Nikakwambia, "Kaingu amekukadhibisha, amedai shamba ni lake."

Nawe ukamwendea mbele ya watu ukamwambia kwamba huna radhi naye duniani wala akhera, asikuzike, wala asizikwe karibu na watu wako. Naye akainamisha kichwa, akaipokea laana ile.

Hilo ndilo nililomuuliza pale kisimani. Ikiwa alijua tangu wiki ile, kwa nini hakukuletea habari kabla hujasafiri? Akashika kamba ya ndoo, akasema, "Bwana alikuwa amepoteza shamba asubuhi ile. Nisingeweza kumpotezea na mtoto adhuhuri." Akaniomba jambo moja tu, nikuandikie kwamba anataka radhi yako, nisitaje kwa nini. Nikamwahidi. Sikuandika.

Wiki mbili baadaye Kache alimtuma mtu mjini. Baba yake amelala, kifua kinamkaba, anauliza kama kuna barua kutoka Unguja. Ilikuwa Jumanne. Ngalawa zilikuwapo, na ningefika kabla ya alasiri. Nikajibu nitakwenda Jumapili kwa stima, kwa kuwa nilijua nitakwenda mikono mitupu.

Jumapili nilifika na wageni ishirini. Kaingu alikuwa amefariki alfajiri. Watu wa Jomvu walikuwa wamekwisha kumwosha na kumkafini, na jeneza liko mbele ya kibanda, wageni wakila barazani upande wa pili wa minazi. Imamu akauliza kama yupo mwenye haki kwa maiti huyu, ajitokeze, ama amsamehe. Watu wote wakanitazama mimi, kwa kuwa laana yako hakuna asiyeijua pande zile. Kache alikuwa amesimama mlangoni, buibui limemshuka kichwani wala hakujali. Akasema, "Bwana Gharib, baba yangu anaondoka na radhi au anaondoka bila radhi?"

Baba, nikajibu kwa niaba yako. Nikasema, "Baba yangu amemsamehe Kaingu. Amesema hana deni kwake, na amesema azikwe ndani ya ua wa mawe, miguuni pa mama yangu."

Kache akaketi chini pale pale mlangoni, akalia kwa sauti. Imamu akasema alhamdulillahi. Wakambeba, nami nikabeba pamoja nao. Bwana Tolman alipoona tunachimba ndani ya ua alikuja kuuliza, na mtu mwingine akamweleza. Hakukataa. Alisema kwamba kaburi la mtumwa mwaminifu miguuni pa binti sultani ni hadithi nzuri sana. Kisha mgeni mmoja akataka kujua tunasoma nini, na Bwana Tolman akaniashiria nikawafasirie. Sikwenda. Nilirudi Mombasa kwa miguu na kwa mtumbwi wa watu wa Jomvu, na kazi ile nimeiacha. Usinisifu kwa hilo. Jumapili iliyofuata alisimama mwingine mbele ya stima, na nasikia hadithi ya makaburi mawili ameishika vizuri.

Nilikwenda kwa Nicodemus kuuliza kama kesi yaweza kufunguliwa. Alinieleza kwa upole kwamba muda wa rufaa ulipita zamani. Hataki kunipa mkono, nami sikuulazimisha.

Basi mara mbili nimesema kwa jina lako neno usilolisema. La kwanza lilikuondolea shamba, na hilo sina namna ya kulirudisha. La pili nimelitoa juu ya jeneza, na hilo kweli yake iko mikononi mwako. Sikuombi radhi yangu. Nakuomba ya Kaingu. Ukiweza, liseme kwa ulimi wako mwenyewe, hata ukiwa peke yako chumbani, kwamba umemsamehe, au zaidi, kwamba hukuwa na cha kumsamehe. Kisha uniandikie mstari mmoja nimpelekee Kache. Ikiwa huwezi, niandikie hivyo pia, nami nitakwenda nimwambie nilimdanganya. Naogopa safari hiyo kuliko hasira yako.

Nisalimie Intisar na mumewe na watoto, na wazee wote wanaokaa nawe baada ya magharibi. Mke wangu anakushika miguu. Habari hizi hazijui bado. Nitamweleza jibu lako likifika, lolote litakalokuwa.

Mungu akupe subira, kwa kuwa mimi nimekupa kila kinachoihitaji.

Wassalaam.

Gharib bin Hamid bin Taha