Uso wa Baba Yao Kwenye Chupa

Jumatatu, 3 Machi

Lebo mpya za mvinyo zimefika leo kutoka kwa mchapaji. Boksi nimelifungua mwenyewe. Karatasi nene, inakwaruza kidogo kidoleni. Katikati mzee anacheka, kichwa kakiinua, zabibu begani. Nikaona pengo la jino la mbele. Ni baba yao! Baba watoto wangu, kabla hajageuka manjano.

Binti yangu ndiye mchoraji wa lebo pale kiwandani. Mimi nabandika kwa mkono zile chupa za wateja wakubwa. Hakuniambia kitu. Jioni nimemuuliza. Anasema mwenye kiwanda alitaka uso wa mtu mwenye raha, na yeye raha anayoijua ni ile. Kovu la shavuni akakubali lifutwe. Zabibu akakubali ziongezwe. Pengo akakataa katakata. Alipoulizwa huyu nani, akajibu kamtoa kichwani tu.

Kichwani. Mtu kawaoshea mapipa yao hapo kiwandani ujana wake wote, na kunywa kajifunzia humo humo. Sura yake hawaijui.

Jumatano, 5 Machi

Nimebandika kutwa. Gundi, lebo, kitambaa, lete nyingine. Kitambaa unakisukuma toka katikati kwenda pembeni, hewa itoke. Yaani kutwa nzima nampapasa mashavu. Mama Pacha, wa meza ya jirani, ananitania: shoga, mzee anavyokuchekea hivyo, mumeo haoni wivu? Meza nzima wakacheka, nikacheka nao. Halafu nikaenda chooni, nikakaa mpaka macho yakakauka.

Nyumbani baba yao kakataa uji. Tumbo limejaa maji tena. Miguu haimbebi kabisa, kumgeuza namgeuza mimi. Na daktari alishatuambia: ini limekwisha, akigusa pombe tena msije kuniuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Binti kamwambia baba yake kuhusu lebo. Nimerudi kazini nikamkuta macho yanang'aa, anataka kuiona chupa. Nikamwambia nitakuletea lebo, nikubandikie ukutani. Hataki. Basi chupa tupu. Akasema, mama watoto, usiniletee tupu, humu ndani tupu natosha mimi.

Akacheka. Muda mrefu hajacheka. Mbona kunaniuma hivi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeharibu. Chupa zimetoka chumba cha baridi zinatoka jasho, nami nikabandika bila kuzifuta. Kosa la mgeni, na mimi si mgeni! Mawazo yalikuwa nyumbani. Lebo zikajikunja zote. Mzee makunyanzi matupu, mashavu yamebonyea. Msimamizi kainua moja juu: huyu sasa mgonjwa, nani atamnunua? Watu wakacheka.

Chupa zilizoharibika tunagawiwa sisi wafanyakazi. Yangu siku zote nampa Mama Pacha. Leo nimeitia kwenye kikapu, nikaifunika na mtandio. Mama Pacha kaniangalia.

Jumamosi, 8 Machi

Kizibuo cha kufungulia chupa nimekificha kwanza. Kile chake cha zamani, chenye mpini wa mti. Kiko droo ya jikoni, chini ya mifuko. Kwa nini sikukitupa miaka yote hii? Vitu vyake sivitupi, ndivyo nilivyo.

Ndipo nikampa chupa. Kaishika kwa mikono miwili, kidole kakipitisha kwenye yale makunyanzi, pole pole. Nikaanza kujitetea, kwamba nzuri ni zile nyingine, hii niliiharibu mimi. Akasema hapana, hii ndiyo mimi. Zile za dukani ni kijana mmoja hivi, alikuwa anajiona sana. Akamwambia binti, mwanangu, umenichora vizuri, mama yako kamalizia.

Tumecheka wote watatu. Nikanyoosha mkono niichukue. Akasema iache ilale na mimi. Nikaiacha. Kizibo kimekaza, nilikikagua.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kumfuatia dawa, nimerudi. Uji uko motoni, naandika hapa jikoni huku nausubiri. Binti yuko naye chumbani, mlango wameurudishia. Wanaongea chini chini, siwasikii vizuri. Sasa kicheko. Cha kwake yeye, kile cha zamani, cha kifuani, mpaka kikohozi kikamkatiza.

Sijui nini kimenifanya nifungue droo.

Mifuko ipo. Kizibuo hakipo.

Nimetoa mifuko yote. Hakipo.

Yeye hawezi kufika jikoni. Hata kukaa anakalishwa.

Nimemwita binti yangu. Kajibu kwa sauti ndogo, kama mtu aliyebeba kitu asitake kimwagike: mama, usiingie kwanza. Tafadhali, mama.

Nimerudi kwenye kiti. Uji unaungua, harufu naisikia. Sijainuka.