Zabibu ya Damu Ng'ambo ya Kilima

Kwako kaka yangu,

Pokeeni salamu zetu, wewe na baba. Natumaini kikohozi chake kimemwachia na ameanza tena kugombana na redio. Sisi hatujambo, ila usingizi umenihama: mpwa wako anaota meno, na ameamua nyumba nzima tuote naye.

Barua yako nimeipata. Unasema mwisho wa mwezi unaaga kazi vitaluni na kuja huku na kisu chako cha kupandikiza, kwa kuwa shemeji yako amekwambia zabibu ya damu imejaa tele na mafundi hakuna. Kaka, usiage bado. Nisome kwanza, ingawa mwenyewe sijui nianzie wapi.

Tangu nifike sijaona hata jani la mzabibu. Shemeji yako alisema mashamba yako ng'ambo ya kilima. Mama mwenye nyumba akaapa kuwa ni kweli, zabibu nyekundu mpaka nyama yake. Muuza maziwa akasema zipo za kijani tu. Muuza mkaa alicheka, akaniuliza nimekuja lini. Kila mtu na shamba lake! Lakini jioni mume wangu alirudi na mikono myekundu hadi kwenye kucha, nikajisemea, basi, mikono haisemi uongo.

Juzi nafua nepi, akaitumbukiza mikono hiyo kwenye beseni langu la povu. Unakumbuka baba alivyotukataza kunawa kwa sabuni baada ya kukamua? Rangi ya zabibu ile ikikutana na sabuni hugeuka buluu kama wino, mpaka uipake ndimu. Maji yangu yalibaki mekundu vilevile, na nepi zikatoka waridi. Nikadhani sabuni ya huku ni nyingine. Nikaazima ya jirani, ikawa yaleyale. Nikadhani ni uchovu, labda nimesahau.

Jana mchana nilimfunga mtoto mgongoni nikapanda kilima. Ng'ambo nilikuta visiki vimerundikwa kama kuni, na misingi ya nyumba imechimbwa. Mlinzi aliniambia mizabibu ilikuwepo kweli, ikang'olewa kabla ya mvua zilizopita. Mama mwenye nyumba, kwa ubovu wa magoti yake, hajavuka kilima siku nyingi, aliapia anachokikumbuka.

Nilipomuuliza shemeji yako, hakubisha. Anafanya kazi kwenye karakana ya kutia vitambaa rangi. Alikuta shamba limekwisha, akaona haya kurudi. Akaniambia, “Ningekwambia ni rangi ya vitambaa, ungekuja?”

Nikamjibu, “Ningekuja. Sasa ndiyo sijui nimemfuata nani.”

Hakula. Nami nilimfunikia chakula chake, kaka, huku nimemnunia. Hasira na huruma zinagombania kigoda kimoja, na mimi sijui nimkalishe nani.

Kurudi sirudi, si kwa sasa. Mtoto anamjua baba yake kwa sauti, na kazi yake ni ya halali. Kilichonikata maini ni wewe kuitwa uache yako. Ndiyo nikamwambia akuandikie mwenyewe. Amekaa na kalamu tangu asubuhi, haandiki. Basi nimeandika mimi, yeye amesoma kila neno, na hapo chini nimemwachia nafasi. Barua haitoki humu ndani kabla hajaijaza.

Mwamkie baba kwa niaba yetu, na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mama Meno

Shemeji, ni kweli yote. Usiache kazi. Nilitaka tu usije ukaniona mjinga.