Ulinyoa kwa Ajili ya Mama

Kijijini Mpofi

Kaka Sébastien,

Huku mihogo imekomaa, na mbuzi yako ilizaa mapacha.

Ile film ulifanya juu ya maisha yako kule Ubelgiji ilifika mpaka huku ku senta ya Mubi. Mama alivaa kitenge yake ya Noeli, tukaenda kwa miguu mpaka kwa Papa Hubert mwenye televizyo. Alicheka kuona jirani yako anapita bila kukusalimia. Alilia kuona unakula peke yako.

Kisha ukawaambia Wazungu eti Mama alikufa ku vita. Ukachukua wembe, ukanyoa kichwa yote, vile tunafanyaka hapa kama mutu wetu amekufa. Watu wote mu nyumba wakageuka kumuangalia Mama. Yeye akasema tu: «Hajasahau kunyoa.»

Kaka, ulikosa kabisa kingine cha kuwaliza wale watu?

Leo asubuhi Mama aliniomba wembe. Nikamuuliza: «Nani alikufa?»

Akajibu: «Mutoto wangu wa Ubelgiji.»

Nikamunyoa. Hakutoa hata chozi moja.

Dada yako Nicole, ikiwa mu film yako mimi ningali muzima.