Mbwa Uliyemfundisha Kuwapa Kuku Mgongo

Mjomba,

Shikamoo. Nimeiandika kisha nikasita na kalamu, kama mjinga, nikingoja marahaba yako. Basi iweke huko huko uliko, mimi niendelee, maana nina neno la kukwambia na muda sina.

Kwanza habari za nyumbani. Mpapai wa nyuma umeanza kuzaa. Mlango wa choo unalia vile vile. Kuku wamebaki kumi na wanne, na asubuhi nikifungua banda hawatoki. Wanajazana mlangoni, shingo nje miguu ndani, wanangoja Doria atangulie kuzunguka ua ndipo washuke. Nawaambia tokeni, hayupo. Hawatoki. Mwewe naye keshajua. Jana alitua juu ya paa la jikoni akakaa pale kama mgeni aliyealikwa.

Doria amekufa, Mjomba. Najua utasikitika, lakini si hilo lililonikalisha kuandika.

Unakumbuka siku ulipomleta? Mimi nakumbuka kwa sababu niligomba. Ulirudi kutoka Utange na kigunia begani, mtoto wa mbwa analia ndani, nikakuuliza kama nyumba ya Waislamu hapa Mtongwe imekosa paka wa kufuga. Ukacheka. Ulimfunga kamba kwenye kigingi, karibu na tenga la yule kuku kishingo aliyekuwa na vifaranga, kisha ukalifunua tenga ukakaa kitako kutazama. Doria akasogeza pua amnuse kifaranga. Kishingo alimrukia akamdona puani hata akajikojolea. Wiki nzima ulifanya vivyo hivyo. "Mimi simfundishi," uliniambia. "Mwalimu wake yule pale, mama mwenye wana."

Na masharti yako yalikuwa mengi kuliko ya mganga. Mbwa ale kwanza, nyuma ya nyumba, ashibe, ndipo kuku wamwagiwe pumba uani. Matumbo mabichi ya kuku asionjeshwe hata siku ya Idi. Alipoiba yai, ulimpa la pili limetoka kwenye maji yanayochemka. Alilitema akalia, na mayai hakuyagusa tena. Haukupita mwaka akawa analala langoni, uso njiani, mgongo kwa kuku, vifaranga wanampanda kama kichuguu. Nguchiro waliacha kuja. Ndipo uliponiambia neno ambalo sasa halinitoki kichwani: "Mlinzi hutazama njia. Mwizi ndiye hutazama mali. Siku Doria akiwageukia kuku uso, Mejumaa, usiulize mara mbili."

Nimeuliza mara mbili, Mjomba. Nimeuliza mara tatu.

Ilianza wiki ya matanga yako. Ua umejaa watu, likaja jibwa la jaani, mbavu nje, ute unalitiririka. Doria akalizuia pale langoni kama ulivyomfunza, wakang'atana, jibwa likaenda zake likiyumba. Yeye akabaki na mkwaruzo juu ya mdomo. Nikampaka majivu nikarudi kwenye masufuria. Nani angehangaika na mdomo wa mbwa siku ile?

Wiki moja baada ya arubaini yako nilitoka asubuhi nikamkuta kakaa, kalipa lango mgongo. Uso kwenye banda. Hakubweka, sauti ilikuwa imemkauka kama mtu aliyeshinda uwanja wa mpira. Chakula hakugusa. Nikamwekea maji, akayatazama tu. Nikajiambia, maskini, analia msiba. Na nikwambie kweli, nilifurahi. Watu walikuwa wameshaacha kukulilia, kila mtu na shughuli zake, nikaona walau tumebaki wawili. Nikakaa chini kando yake nikamkumbatia shingo, mimi niliyegomba asiletwe.

Kesho yake alasiri akawaingilia kuku. Hakula hata mmoja. Alikuwa anang'ata, anaacha, anakwenda kwa mwingine, kisha akaigeukia nguzo ya banda akaitafuna hata fizi zikatoka damu. Nilimsukuma kwa ufagio mpaka ndani ya stoo ya kuni nikalifunga komeo. Kurudi uani, watatu wamekufa, wawili wanatapatapa. Mmoja wao ni kishingo, yule yule mwalimu wake, kizee cha watu.

Hapo nikafanya kosa ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya. Kuku angali anapumua, nami sikutaka afe kibudu. Na wewe hupo, na nyumba hii tangu nizaliwe mwanamke hajachinja. Nikamshika kishingo mkono mmoja, kisu mkono wa pili, nikasimama kwenye ua wa makuti nikamwita jirani. Fundi Omari! Fundi, njoo unichinjie upesi!

Unamjua Fundi Omari wako. Miaka yote hiyo hampendi mbwa, akienda msikitini anaishika kanzu yake juu kama anavuka mto, lakini kuku waliolindwa na mbwa huyo hajapata kuwasusa. Aliacha kitanda alichokuwa anakipiga randa, akaja mbio, maranda kwenye ndevu. Kidole gumba alikuwa amekifunga kitambaa, patasi ilimteleza asubuhi ile. Kitambaa kikamzuia kushika vizuri, akakivua akakitia mfukoni. Akamkamata kishingo shingoni, na shingo ile isiyo na manyoya ilikuwa imelowa ute wa Doria tepetepe. Nikaona. Akasema bismillahi, akachinja. Akachinja na wa pili. Nyama iliyopitiwa na meno akaikata akaitupa. Kisha akaenda bombani akaosha mikono mara saba, mara moja kwa mchanga, anahesabu kwa sauti ili nisikie. "Angekuwapo mjombako," akasema, "leo n'ngemwambia neno." Wewe huwezi kumjibu, nikamjibu mimi kwa kumpa kishingo akawapikie wanawe.

Siku mbili baadaye Doria alikufa mle stooni, miguu ya nyuma imeshakatika nguvu. Akaja bwana wa mifugo. Hakuhitaji kutazama sana. Alisikiliza habari ya jibwa, ya maji, ya nguzo, akasema kichaa cha mbwa, azikwe kwenda chini na kila kilichoguswa kichomwe. Kisha akauliza mambo mawili. La kwanza, karatasi ya chanjo iko wapi.

Nikaingia chumbani kwako kwa maringo, Mjomba. Mara ngapi nimekusikia ukimwambia Fundi Omari, "Kachanjwa huyu, karatasi yake n'nayo," huku ukipiga mfuko wa shati? Niliikuta ndani ya kopo, pamoja na tasbihi yako. Mhuri wa mwisho ni wa miaka mitatu nyuma, kabla miguu haijakuvimba. Hukuweza kutembea mpaka uwanja wa chifu walikokuwa wanachanja, na hukutaka mtu ajue huwezi. Kwa hiyo ukaendelea kupiga mfuko. Nimekukasirikia. Nilikaa juu ya kitanda chako nikakutukana, kisha nikalia, kisha nikakutukana tena.

La pili aliuliza, nani mwingine aliyegusa mate ya mbwa huyu, hasa mwenye kidonda.

Nikasema ni mimi tu.

Sikupanga. Lilitoka lenyewe. Nilikuwa na ile karatasi mkononi, na niliyasikia maneno ya Fundi Omari siku tulipokuzika, aliposimama mbele ya watu akasema marehemu hakuwahi kumdanganya hata kwa mzaha. Watu wakaitikia. Mimi ni mpwa wako, wewe ndiye uliyenilea, na tangu uondoke sina kitu chako kinachosemwa mtaani isipokuwa lile neno la fundi. Nikaona nikimtaja fundi, itabidi nimwambie habari ya mhuri. Nikaona pia ameshaosha mara saba, na mchanga juu yake. Nikajipa moyo kwa mchanga.

Nimeshachomwa sindano mbili. Nesi ni mtoto wa juzi, lakini ana maneno mazito kama wewe. Nilimuuliza, kwa mzunguko, kama mtu akiosha vizuri haitoshi. Akaniambia, "Kuosha ni mwanzo, mama, dawa yenyewe ni sindano. Na asingoje kuumwa. Akishaanza kuumwa, hakuna tena." Akasema mara nyingi huanzia pale pale palipoingia mate, pawashe, pafe ganzi. Akasema wengine hukaa miezi, wengine siku chache, hakuna ajuaye. Nikamwitikia kama kwamba habari hizo hazinihusu.

Leo ni siku ya tisa tangu kile kisu, Mjomba. Tangu aje bwana wa mifugo mpaka jana nasikia randa ya fundi ng'ambo ya ua, kila asubuhi kuku wakiamka, na kila nikiisikia nasema alhamdulillahi, mzima. Nimekuwa nikiihesabu ile randa kama yeye alivyohesabu maji yake.

Jana nilipita kwake. Alikuwa amekaa kwenye benchi lake, kidole gumba anakisugua kwenye ukingo wa ubao, polepole, bila kukitazama. Nikamwamkia, nikamuuliza kidole vipi. "Chawasha tu," akasema, "na ganzi kidogo mpaka hapa." Akanionyesha kiwiko. "Kidonda kikipona huwasha, mwanangu." Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Nikarudi nyumbani nikakaa uani na kuku mpaka jua likazama.

Labda kweli kinapona. Vidonda vyote huwasha vikipona, wallahi, hata vyangu huwasha.

Asubuhi hii nilifungua banda, kuku wakagoma kama kawaida, nikasimama langoni pale Doria alipokuwa analala, labda wakiniona watashuka. Nikajikuta nawatazama. Nimelipa lango mgongo, macho kwenye banda, kama yeye siku ile. Ndipo neno lako likaniingia sawasawa. Wiki nzima nimekaa nikitazama mali yako, hilo jina lako la mkweli, lisiguswe, lisichafuke, na mtu anakuja njiani na kifo mkononi sikumtazama. Mbwa wako aligeuka kwa sababu aliugua. Mimi nimegeuka mzima.

Basi nisamehe kwa ninalokwenda kufanya. Naichukua karatasi hii yenye mhuri mkuukuu, nakwenda kumwekea fundi mkononi, na nitamwambia yote: jibwa, maji, ute, na kwamba ulimdanganya, na kwamba mimi nimemdanganya zaidi yako. Atasema atakayosema, na mtaa utasema. Kisha twende hospitali pamoja, leo hii, hata kama ni kwa kumvuta kanzu. Nakuahidi sitarudi bila yeye kuchomwa. Na nikirudi, kuku hawa watakaa bandani mpaka nipate mbwa mdogo, na wa kwanza kupelekwa kuchanjwa atakuwa yeye, na nitampeleka kwa miguu yangu.

Ulale salama, Mjomba. Mungu akuwekee nuru humo ndani. Nimekupenda kuliko jina lako, nimechelewa tu kulijua. Leo nakupa mgongo.

Jua limeshapanda juu ya mpapai. Kuku wameshuka, wako uani wanachakura. Nimekuwa nikiandika huku natega sikio ng'ambo ya ua, na randa leo sijaisikia.

Mpwa wako,
Mejumaa